Una Watoto Wangapi?

Mtaa mzima ulimwita Dobi, na yeye aliitika. Jina hilo hakuzaliwa nalo wala hakulichagua. Lilimjia taratibu baada ya jina lake la kwanza kutupwa. Zamani aliitwa Mama Pacha. Alikuwa nao kweli, wa kiume na wa kike, waliokuja duniani kwa kupishana muda wa kuchemsha chai, na watu wakimwona anapita na beseni la nguo walimwita kwa kuvuta: Mama Pachaaa! Kisha yule wa kiume, aliyezaliwa na tundu kwenye moyo, akafariki akiwa darasa la tatu, na mtaa ukashikwa na haya. Utamwitaje mtu Mama Pacha na pacha amebaki mmoja? Ndani ya wiki moja jina likafutika midomoni mwa watu, bila kikao wala makubaliano. Walifanya hivyo kwa kumhurumia, na hakuna aliyemuuliza kama alitaka kuhurumiwa namna hiyo. Wakaanza kumwita Dobi, kwa kuwa kufua na kupiga pasi ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya.

Mumewe alikuwa fundi vioo. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na chumba cha pili ndicho kilichokuwa cha pasi, kwa hiyo mteja aliyeleta mashati ilibidi apite kwanza katikati ya vioo vilivyoegemezwa ukutani, ajione mara kumi akiwa amekumbatia nguo chafu. Fundi alikuwa hakosi neno. "Piteni taratibu, humu ndani mko wengi," angemwambia mtu aliyekuja peke yake. Mtu akimwomba amkatie kioo haraka haraka, alimjibu kwamba kioo hakikatwi, kinachorwa mstari halafu kinavunjwa kwa adabu. Vidole vyake vilijaa makovu madogo meupe, na alijisifu kuwa hakuna hata moja lililotokana na kazi, yote yalitokana na kuongea akiwa kazini.

Watoto nao aliwabandika majina ya utani tangu wakiwa wachanga. Wa kike alikuwa Kelele, na hapahitaji maelezo. Wa kiume alikuwa Mzee, kwa sababu moyo wake haukumruhusu kukimbia, basi alikuwa akitembea polepole, mikono nyuma, akisimama kila baada ya hatua chache kutazama mambo ya watu kama mstaafu. Wageni walicheka. Fundi alicheka kuliko wageni. Alipomzika hakumtaja tena. Picha za mtoto zilishuka chini kabisa ya sanduku, chini ya blanketi ambalo halitumiki, na mkewe akaacha kuitwa Mama Pacha humo ndani pia, akawa Mwenzangu. Hawakuwa na ugomvi. Kila mmoja alidhani akilitaja jina la Mzee atamtonesha mwenzake, basi wakavumiliana hivyo, mwaka baada ya mwaka, hadi ukimya ukawa ndio desturi ya nyumba.

Kiharusi kilimkuta Fundi akiwa kazini. Alikuwa anamtajia mteja vipimo vya dirisha, maneno yakaanza kutoka yamepondeka. Mteja akacheka, maana alimjua kwa mizaha. Fundi akazidi kubwabwaja, mteja akazidi kucheka akijishika mbavu, hadi rula ilipomponyoka Fundi mkononi na mdomo ukaenda upande. Dobi alipotoka na pasi yake mkononi, alimkuta mteja amepiga magoti sakafuni, analia na kuomba radhi.

Walimrudisha kutoka hospitali akiwa hai, lakini nusu. Mkono wa kulia ulining'inia, mguu ukawa wa kuburuta, na katika bahari ya maneno aliyokuwa nayo yalibaki matatu: eeh, hapana, na basi. Tena kumbukumbu zake zilichanganyika. Daktari alieleza kwamba presha ilikuwa imejificha mwilini mwake kwa muda mrefu bila dalili, na kwamba sasa kulikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuulinda moyo, presha isipande, kwa sababu pigo la pili likija halitamwacha. Ya pili ilikuwa kuuamsha ubongo, na ubongo huamshwa kwa mazoezi, kila siku, bila kuruka.

"Mambo ya zamani ndiyo yatakayorudi kwanza," daktari alisema. "Akikosea msimwache na kosa lake. Mrekebisheni kwa upole."

Kelele alikuwa mtu mzima sasa, anafanya kazi ya uhasibu mji mwingine, na jina lake la utani lilikuwa limemkimbia siku nyingi, maana alikuwa binti mkimya kupindukia. Alikuja na begi limejaa vifaa. Kulikuwa na saa ya kuvaa mkononi iliyohesabu mapigo ya moyo usiku na mchana. Kulikuwa na mkanda wa presha, ambao ukishapima unapeleka majibu wenyewe kwenye simu yake huko mbali. Na kulikuwa na tableti yenye mwalimu ndani yake, anayeongea Kiswahili kilichonyooka, anayeuliza maswali, anayesikiliza jibu na kujua kama limekaa sawa.

"Ni akili bandia, mama," Kelele alisema.

"Bandia? Kama meno?"

"Kama meno. Ila hii haidondoki ukicheka."

Dobi alicheka, ndiyo mara ya kwanza tangu siku ya rula. Binti akakaa na tableti jioni nzima, akajaza yale iliyotaka kuyajua kuhusu mgonjwa, ili maswali yamhusu yeye na maisha yake: kazi yake, mtaa wake, jina la mkewe, watoto wake. Alijaza upesi bila kuuliza mtu, kama anayeandika anwani yake mwenyewe. Kesho yake akasafiri kurudi kazini.

Yule mwalimu wa kwenye tableti alikuwa na sauti ya kike, na alikuwa mkarimu wa sifa. Fundi akisema eeh, hongera. Fundi akipiga chafya, hongera, umejitahidi. Dobi alimpachika jina Bi Hongera, na kila asubuhi, baada ya kumwogesha mumewe na kumvalisha shati alilolinyoosha kwa mkono wake, alimkalisha karakanani kwenye mwanga mzuri, akaiegemeza tableti kwenye kioo kirefu, na kurudi kwenye meza ya pasi akiwa ameacha mlango wazi ili asikie.

Fundi aliyapenda mazoezi. Hilo lisisahaulike. Mtu aliyeishi kwa maneno, akanyang'anywa, hawezi kumchoka anayekuja kila siku kumrudishia moja moja. Alikuwa akitazama kile kioo cha tableti mdomo wazi, jasho linamtoka, akisukuma silabi kama mtu anayesukuma kabati. Kikombe. Dirisha. Maji. Jina la mkewe ndilo lililokuwa likimshinda. Kila akiulizwa alifumba macho, akatikisa kichwa. Dobi huko nyuma ya mlango alikuwa akiacha pasi hewani na kusubiri. Hakumwambia mtu, lakini alikuwa akiomba Mungu apate japo hilo. Alitaka kuitwa.

Siku ilipofika, alikuwa anakunja shuka la hoteli.

"Taja jina la mke wako," alisema Bi Hongera.

"Ma... ma..." Fundi alisukuma. "Ma-ma. Pa-cha."

Roho ilimruka Dobi. Shuka alilolipigia pasi kwa nusu saa likaanguka chini naye hakuliokota. Alisimama mlangoni, mkono kifuani, akisikia jina ambalo hakuna mtu aliyemwita tangu binti yake akiwa mtoto, likitoka kwenye kinywa kilichopinda, kwa sauti ya yule yule kijana aliyemwoa.

"Umejaribu vizuri, lakini hapana," alisema Bi Hongera. Kisha akasoma jina sahihi, lile la kitambulisho, majina yote matatu, kama karani wa mahakama anayeita kesi. Fundi aligeuza kichwa kutazama kama kuna mgeni ameingia.

"Sasa tuendelee. Una watoto wangapi?"

Fundi akatabasamu kwa upande wake mmoja. Hili alilijua. Akainua vidole viwili vya mkono wa kushoto. "Wa-wili!"

"Umekaribia! Jibu sahihi ni mmoja."

Tabasamu likaondoka. Alimgeukia mkewe pale mlangoni, kama mtu aliyepunjwa chenji anavyomgeukia aliyeshuhudia, akisubiri amtetee. Na Dobi, aliyeambiwa na daktari asimwache mgonjwa na kosa lake, alisema, "Ni mmoja, baba. Tunaye mmoja."

"Mwi... ngine?"

Angesema nini? Alikwenda akapiga magoti mbele ya kiti, akaushika ule mkono usiosikia. "Alitutoka, mume wangu. Zamani. Mzee alitutoka."

Ubongo wa Fundi ulikuwa umerudi nyuma, ukakaa miaka ile ambayo nyumba ilikuwa na watoto wawili. Habari hii kwake haikuwa ya zamani. Alilia kama mtu aliyegongewa mlango na kupewa taarifa muda huo, akalia uso nusu, kwa sababu nusu ya pili ilikuwa haimtii hata katika hilo. Saa ya mkononi ikaanza kutetemeka na kupiga kelele zake ndogo. Dobi alipomfunga mkanda wa presha, namba zilikuwa nyekundu.

Kesho yake alikuwa amesahau. Aliamka salama, akanywa dawa, akaoga, akakaa mbele ya kioo. Una watoto wangapi? Wawili. Umekaribia! Jibu sahihi ni mmoja. Akamgeukia mkewe. Akauliza mwingine. Akaambiwa. Na keshokutwa vile vile. Mama yule alikuwa amemzika mwanawe mara moja, na mara hiyo moja ilikuwa imemtosha. Sasa alilazimika kupeleka taarifa ya msiba kila asubuhi, kwa mtu yule yule, kabla hata moshi wa chai haujakata.

Alijaribu kuliruka swali. Bi Hongera hana simile: aliliruka akalirudia. "Tulirudie lile swali letu." Alijaribu kuificha tableti kabatini, Fundi akaitafuta nyumba nzima akiburuta mguu, karibu aanguke juu ya vioo. Asubuhi moja, baada ya kuchoka kumuua mwanawe kila siku, aliamua kudanganya.

"Mwi-ngine?" Fundi aliuliza.

"Yuko shule," Dobi alisema.

Fundi akatulia. Presha ilipopimwa ilikuwa nzuri kuliko siku zote, na Dobi akapiga pasi asubuhi ile akijiona amepata ufumbuzi. Lakini mchana, alipomletea mkate na chai, mumewe alikata mkate kwa shida kwa ule mkono mmoja, akala nusu, nusu akaiweka pembeni juu ya kitambaa. Hakutaka kuiondoa. Baadaye wanafunzi wakaanza kupita barabarani na sare zao, makundi makundi, wakipigana mabegi. Fundi alijivuta na kiti hadi mlangoni. Alimtazama mmoja baada ya mwingine. Walipita wakaisha, barabara ikabaki na mwuza maji peke yake, na yeye bado alikuwa ameshikilia fremu ya mlango.

"Mbo-na," alisema, na neno lenyewe lilikuwa jipya, siku nyingine lingeshangiliwa, "mbona haja-rudi?"

Mzee alifia shuleni. Alikaa chini ukutani wakati wa mapumziko, mikono nyuma kama kawaida yake, na mwalimu alidhani anapumzika. Siku ile pia Fundi alikuwa amesimama mlangoni hapo hapo, akiwatazama wanaopita. Dobi alikimbilia chumba cha nyuma, akaufukia uso wake kwenye rundo la mashuka ya watu na kupiga yowe humo ndani ya kitambaa ili asisikike. Uongo hakuuthubutu tena. Akarudi kwenye ukweli, na namba zikarudi kuwa nyekundu.

Simu ya Kelele ilipoita, alikuwa analoweka kola.

"Mama, nina presha ya baba hapa kwenye simu. Kila asubuhi inapanda. Jioni iko sawa, asubuhi juu. Dawa unampa saa ngapi?"

"Akiamka. Kila siku."

"Una uhakika? Husahau?"

"Nasahau?" Dobi alisimama na mikono inachuruzika povu. "Mimi nisahau dawa ya baba yako?"

"Sijasema hivyo, mama. Lakini kuna kitu. Daktari naye ameona, amenipigia. Amesema ikiendelea hivi wiki mbili tatu..." Binti hakumalizia. "Asubuhi huwa mnafanya nini?"

Dobi alijifuta povu mikononi. Kusema ilikuwa ni kulitaja lile jina, na kulitaja mbele ya mtoto huyu, ambaye hajawahi kumsikia akimtaja kaka yake tangu msiba, ilikuwa sawa na kujivua nguo mbele yake.

"Njoo nyumbani," alisema. "Sio jambo la simu."

Kelele alifika mwisho wa wiki. Hakuambiwa kitu, mama yake alimkalisha kwenye kigoda chumba cha pasi, mlango wazi, akamwambia sikiliza. Wakasikiliza wote wawili. Jina la mke. Mama Pacha. Hapana. Watoto wangapi. Wawili. Umekaribia! Jibu sahihi ni mmoja. Kisha kile kiti kikalia, maana Fundi alikuwa anageuka kumtafuta shahidi wake.

Dobi alikwenda akafanya kazi yake ya kila siku. Aliporudi, macho mekundu, hasira zilimpanda na hakujua azitue wapi, akazitua kwa aliye karibu.

"Kwa nini uliandika mmoja?" alisema. "Ulimwandikaje baba yako ana mtoto mmoja? Kaka yako alikukosea nini?"

Binti alimtazama kana kwamba amepigwa kofi.

"Mama, si nyie mlionifundisha?"

"Tulikufundisha nini?"

"Baada ya mazishi. Nilirudi shule, mwalimu akauliza mko wangapi kwenu, nikasema wawili. Akakuita. Ukaniambia, mwanangu, ukiulizwa sema uko peke yako, watu wasije wakaanza maswali. Nilikuwa na miaka tisa, mama. Tangu siku hiyo naandika mmoja. Shuleni, chuoni, kazini. Kila nikiandika..." Aliinuka kwenye kigoda. "Mimi ni pacha. Nilitoka na mtu tumboni. Nyie mliondokewa na mtoto, sawa, lakini mimi hata kusema kwamba nilikuwa naye sikuruhusiwa."

Dobi alikuwa amelisahau kabisa. Kwake lilikuwa neno la kuvukia siku moja mbaya, alilisema akiwa anakunja nguo labda, akilini mwake akiwa anamkinga mtoto na midomo ya watu. Kumbe mtoto alilibeba akaligeuza sheria ya maisha. Alimvuta binti kifuani, naye binti, mtu mzima mwenye funguo za ofisi mfukoni, akalia kwa sauti ambayo ingemstahilisha kuitwa Kelele tena. Fundi kule karakanani alianza kuita, "Nini? Nini?"

Walipotulia, binti aliifungua tableti, mama yake akiwa amekaa ubavuni. Penye jina la mke akafuta yale majina matatu, akaandika Mama Pacha. Penye watoto akafuta mmoja. Akaandika wawili, na majina yao ya nyumbani, Mzee na Kelele.

"Daktari atasema tunamfundisha uongo," alisema.

"Kwani ni uongo?" Dobi aliuliza. "Nilizaa wangapi?"

Asubuhi iliyofuata walisimama wote mlangoni.

"Taja jina la mke wako."

"Mama Pacha."

"Hongera!"

Fundi alishtuka. Hakuwa amezoea.

"Una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Hongera sana! Taja majina yao."

"Mzee," alisema Fundi. "Na Ke-lele."

"Hongera! Kumbukumbu yako inaimarika. Sasa niambie, huu ni mwezi gani?"

Na akaanza kuhangaika na mwezi. Hakugeuka, hakuuliza mwingine yuko wapi. Lile swali lilikuwa likizaliwa na kuambiwa amekosea. Asipokosolewa, halikuwa na sababu ya kuzaliwa. Presha ilikaa chini siku ile, na iliyofuata, na daktari akatuma salamu kwa Dobi kwamba kazi anayoifanya ni nzuri.

Sasa kulikuja kipindi ambacho Dobi hakukitarajia. Alikuwa na furaha. Aliona aibu kuisema, lakini alikuwa nayo. Kila asubuhi nyumba ile iliyokaa na mdomo uliofumbwa miaka yote hiyo ilisikia jina la Mzee likitajwa kwa sauti na kupigiwa hongera. Alikuwa akiamka mapema kwa ajili hiyo. Pasi ikiwa inapata moto, midomo yake ilitangulia kulijibu swali kabla ya mumewe, wawili, Mzee na Kelele, na akaanza kumwona tena kijana wake barabarani, mikono nyuma, akikagua mtaro. Alizitoa picha chini ya blanketi akazifuta vumbi. Majirani walipomsikia Fundi akimwita Mama Pacha kutoka karakanani walitazamana, na mmoja wao, mwuza mkaa, siku moja akajikuta naye amemwita hivyo, akajishika mdomo. "Niite tu," Dobi alimwambia. "Ndilo langu."

Wakati huo huo Fundi alikuwa anapona. Mguu ulianza kunyanyuka. Maneno yalimrudia mawili mawili, kisha kwa sentensi, na utani ukaanza kuchungulia. Alimwambia Bi Hongera siku moja kwamba yeye naye apunguze chumvi. Alianza kuuliza mambo ya karibu: nani amechukua kile kioo cha kinyozi, mbona bati la jirani ni jipya. Kelele alipiga simu akishangilia, kila alama kwenye programu ilikuwa inapanda isipokuwa presha, iliyokuwa imetulia. Ilikuwa ndiyo habari waliyoiombea. Dobi aliisikia akafurahi, na katikati ya furaha hiyo kitu kikamchoma, akajua wazi ni nini, akakisukuma pembeni. Alielewa kwamba miaka inarudi kwa mumewe mmoja mmoja, kwa mpangilio, na kwamba inauelekea ule wa msiba.

Siku yenyewe hakukuwa na ishara yoyote. Fundi alikuwa amevaa shati mwenyewe, vifungo vimepishana tundu moja. Dobi alikuwa anapiga pasi sare za wahudumu.

"Taja jina la mke wako."

Fundi akajibu taratibu, bila kukwama hata silabi moja, "Mwenzangu."

"Umejaribu vizuri, lakini hapana. Jibu sahihi ni Mama Pacha. Tuendelee. Una watoto wangapi?"

Dobi alizima pasi. Alifika mlangoni akamkuta mumewe hatazami tableti tena. Alikuwa anajitazama kwenye kile kioo kirefu nyuma yake, mtu mzima mwenye mvi, mdomo umepinda kidogo.

"Mmoja," alisema.

"Umekaribia! Jibu sahihi ni wawili."

Fundi aligeuka. Macho yake yalikuwa yake, yote, kama yalivyokuwa kabla ya kiharusi, na Dobi alijua hapo hapo kwamba amerudishiwa mume, mzima wa akili, anayejua kila kitu. Hakuwahi kuumia namna ile tangu siku waliyotoka makaburini.

"Mwenzangu," Fundi alisema, akiinyooshea tableti kidole kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka mgeni asikie. "Huyu hajaambiwa?"

Dobi alitikisa kichwa. "Hajaambiwa."

"Anadhani yupo."

"Ndiyo. Anadhani yupo."

Fundi alivuta pumzi, machozi yanamshuka, safari hii kimya kimya, kama watu wazima wanavyomlilia mtu wa siku nyingi. Mkewe akaja akasimama nyuma ya kiti, akamwekea mikono mabegani. Alihisi kifua chake kinavyopanda na kushuka, na akasubiri saa ianze kutetemeka. Haikutetemeka.

"Jaribu tena," alisema Bi Hongera, kwa ule upole wake usiochoka. "Una watoto wangapi?"

"Usimwambie," Fundi alinong'ona. "Mwache hivyo hivyo."

Kisha akaisogelea tableti, akajikohoza, na kumjibu kwa sauti kavu iliyonyooka:

"Wawili."

"Hongera sana! Taja majina yao."

Alijaribu. Alifika kwenye la kwanza, akashindwa, naye Dobi akainama juu ya bega lake akamsaidia kulisema. Bi Hongera akawapongeza, akauliza huu ni mwezi gani, na hakuna aliyemjibu.